Neno Moja Chini ya Fomu

Shangazi Eufrazia alirudi kutoka Kishanda Alhamisi jioni, na kabla hajavua viatu nyumba nzima ya Buhembe ilishajua kwamba habari alizobeba hazikuwa za harusi. Aliweka kikapu chini, akakataa maji ya kunywa, akavuta kigoda.

"Theopista, kaa hapa. Na wewe Rugemalira, zima hiyo redio."

Mzee Rugemalira alikuwa katekista mstaafu, mtu asiyeamrishwa na yeyote isipokuwa dada yake huyo. Aliizima. Binti yake Theopista, ambaye Jumapili hiyo alitarajia mshenga wa kumposa, alikaa pembeni ya meza na kuficha mikono chini ya kitambaa.

Mwaka huo wa tisini na moja, watu wa Kagera hawakuchumbiana kwa tabasamu peke yake. Ukimwi, ule ugonjwa walioupa jina la Juliana, ulikuwa umepita nyumba kwa nyumba, na kabla mshenga hajakaribishwa, upande wa binti ulituma mtu kimyakimya akatazame kibanja cha kina bwana harusi, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba yao. Migomba aliitazama kwa heshima tu. Alichofuata ni makaburi: yapi ya zamani, yapi mapya, na hayo mapya ni ya wazee au ya vijana. Kwa kazi hiyo Eufrazia hakuwa na mpinzani. Alikuwa amekwenda Kishanda eti kumsalimia rafiki yake, akakaa siku sita.

"Makaburi matatu," alisema. "La baba yao, hilo ni la umri. La mtoto mchanga, hilo la zamani. La tatu ni la kaka mtu, Datius. Saruji yake bado mpya. Alikuwa akifanya biashara Kampala, akarudi amekonda, akalala, akafa."

"Apolinary alishaniambia habari za kaka yake," Theopista alisema.

"Na za mjane, alikwambia?"

Shangazi alimtazama kwa huruma, ile huruma ya mtu anayejua kwamba atakachosema kitaumiza na bado hawezi kukiacha.

"Anaitwa Kokubanza. Mzuri, sikufichi, mwana wange. Jumamosi nimemwona kwa macho yangu haya, yuko mlangoni anapepeta maharage, na huyo mwalimu wako yuko juu ya paa anagongomelea bati. Wanaongea, wanacheka. Watoto wanamwita tata, kama baba yao."

"Shangazi, kila mtoto wa Kihaya humwita baba mdogo tata. Hata wewe unajua."

"Najua. Lakini kuna tata wa heshima na kuna tata wa ndani ya nyumba. Sikio langu si la jana." Aligeukia kaka yake. "Na ukoo ulimkalisha kwenye kiti cha marehemu. Yeye ndiye omusika."

Neno hilo lilitosha. Omusika ndiye mrithi. Hurithi kibanja, na kwa wale wanaoshika mambo ya zamani, humrithi na mjane aliyemo kibanjani.

Mzee Rugemalira aliitazama redio iliyozimwa. "Kama amemrithi mjane," alisema, "amerithi na kilichomuua mumewe. Nimezika watoto wawili, Theo. Sina nguvu za kuzika wa tatu. Nitafutie ukweli. Ukiukosa, Jumapili mshenga wake atakuta mlango huu umefungwa."

Usiku huo Theopista hakupata usingizi. Jumamosi iliyopita Apolinary alikuwa amemwambia anakwenda Muleba kikazi. Kikazi! Kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya bati huko Kishanda. Akakumbuka na jambo jingine, alilokuwa amelidharau kwa wiki zote tatu za semina: lile faili la buluu ambalo Apolinary hulifunga haraka kila yeye anapokaribia meza yake.

*

Semina ilikuwa katika ukumbi wa parokia pale Bakoba, ukumbi wenye ufa mrefu ukutani ambao watu walisema ni wa bomu la wakati wa vita. Maofisa utumishi kumi na wanne wa ofisi za Bukoba na Muleba walikuwa wamekaa humo wiki tatu, Theopista akiwa mmoja wao, wakifundishwa kitu ambacho kila mmoja wao aliamini anakijua tangu zamani: namna ya kumuuliza maswali mtu anayetafuta kazi. Apolinary, mkufunzi aliyetumwa kutoka chuo cha Dar es Salaam, aliwaondolea kiburi hicho siku ya kwanza.

"Mnachukua ndugu zenu, watu wa parokia zenu, na sura mnazozipenda," aliwaambia, "halafu mnaita intavyuu."

"Mimi sina ndugu visiwani, Mwalimu," alijibu Mayunga, Msukuma aliyekuwa akiajiri watu wa kampuni moja ya kununua samaki. "Mimi mvuvi namtazama viganja tu. Vikiwa laini namrudisha kwao."

"Na akiwa ni fundi wa injini?"

Mayunga alikuna kichwa. "Mwaka jana ndipo nilipokosea. Nilimrudisha, na mpaka leo mtumbwi wetu mmoja tunaupiga kasia."

Walicheka, lakini waliandika. Kila mwombaji aulizwe maswali yale yale. Usimuulize mtu yeye ni nani, muulize siku moja alifanya nini. Ukishauliza, nyamaza, hesabu moja mpaka kumi moyoni. Na neno ambalo Apolinary alilirudia mpaka likawachosha: "Anayeficha na anayeogopa wanafanana sura. Usipompa muda, hutajua yupi ni yupi."

Asubuhi ya Ijumaa, siku ya mwisho, kulikuwa na usaili wa mazoezi. Apolinary alisoma majina, na alipofika kwenye moja sauti yake ikashuka kidogo, kama ilivyokuwa ikishuka kila siku kwenye jina hilo.

"Mwenyekiti wa jopo, Bi. Theopista. Mwombaji nitakuwa mimi. Nafasi ni ya mtunza stoo."

Theopista alikwenda mbele. Walikaa wakitazamana, meza ndogo katikati yao. Apolinary alikuwa amevaa lile shati jeupe alilosema Theopista kwamba linampendeza. Siku nyingine moyo wa Theopista ungemwenda mbio kwa furaha. Leo alitazama shingo yake, mashavu yake, mikono yake, akitafuta kukonda. Aliona aibu kwa kutafuta, na akaendelea kutafuta.

"Karibu. Tueleze siku moja ulipokuta mali imepungua stoo. Ulifanya nini?"

Apolinary alijibu vizuri. Theopista akauliza la pili, la mtu mkubwa anayetaka kuchukua kitu bila kusaini. Akajibu vizuri tena, na darasa likatikisa vichwa kwa kuridhika. Swali la tatu lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi. Theopista aliigeuza karatasi uso chini.

"Una mke Kishanda?"

Penseli ya mtu ilibingirika sakafuni na hakuna aliyeinama kuiokota. Theopista alifanya kama alivyofundishwa: hakuongeza neno. Alihesabu. Kwenye nne, macho ya Apolinary yalikimbilia mezani kwake, kwenye faili la buluu. Kwenye saba, jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Mwenyekiti," alisema hatimaye, "swali hilo halihusu stoo. Mwombaji ana haki ya kutolijibu."

"Basi niandike nini kwenye fomu?"

"Andika ulichosikia. Usiandike ulichodhani."

"Nimesikia kimya."

"Basi andika kimya, Theo."

Alimwita Theo mbele ya watu. Mayunga alikohoa, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Jamani, si twende tukanywe chai?"

*

Apolinary alimkuta nyuma ya ukumbi, mahali ambapo ziwa lilionekana kati ya paa mbili. Alikuja na faili mkononi.

"Nani alikwenda Kishanda?"

"Shangazi yangu."

"Yule mama mwenye kikapu? Aliniuliza bei ya bati mara tatu." Alijaribu kutabasamu. Theopista hakumsaidia.

"Uliniambia unakwenda kikazi."

"Nilikudanganya," Apolinary alisema. "Ukoo ulinikalisha kwenye kiti cha Datius, ni kweli. Walinipa kibanja, wakataka nimchukue na Kokubanza. Kibanja nimewaachia watoto wake. Kokubanza nilimkataa mbele ya wazee wote, na yeye alinikataa kabla sijamaliza sentensi. Sijawahi kulala kwenye nyumba ile. Hata paa naliezeka mchana, majirani wote wanione ninapanda na wanione ninashuka."

"Maneno mazuri. Mwombaji mwongo huwa nayo pia."

"Basi usiyaamini. Afya yangu nimeipima, mshenga atakuja na karatasi, baba yako ataisoma kabla hamjatukaribisha hata kwa kahawa ya kutafuna."

Theopista angetaka kumwamini. Alimpenda, na mapenzi yalimvuta mkono. Lakini makaburi mawili ya kaka zake kule Buhembe yalimvuta mkono wa pili. Alionyesha faili kwa kidole.

"Na hilo? Wiki tatu unalifunga nikija. Ni barua za nani?"

Apolinary alisita. Hapo ndipo Theopista alipoona kitu ambacho hakukitegemea: mwanamume huyu mwenye majibu yote alikuwa anaogopa. Alilifungua faili taratibu, akatoa karatasi moja, akampa.

Ilikuwa fomu ya usaili. Fomu ya shirika la kuhudumia yatima alikofanya kazi Theopista mwenyewe, hapo hapo Bakoba. Nafasi: karani mpiga chapa. Tarehe: ya mwezi wa pili. Jina: Kokubanza. Na chini kabisa, penye maoni ya jopo, palikuwa na neno moja kwa mwandiko wa Theopista mwenyewe.

*Anaficha.*

Alimkumbuka papo hapo. Mwanamke wa nguo nyeusi, aliyepiga chapa ukurasa mzima bila kosa hata moja. Na yeye, Theopista, mbele ya wanaume watatu wenye kalamu, alimuuliza: mumeo alikufa kwa ugonjwa gani? Yule mwanamke aliangalia mikono yake. Hawakumpa hata dakika. Walimwita anayefuata.

"Pasaka nilikuja kuandaa semina," Apolinary alisema. "Niliomba kila ofisi fomu chache za zamani. Wewe ndiye uliyenikabidhi za kwenu, ukanitania kwamba nisizimwagie chai. Jioni nikazisoma, nikaona jina la shemeji yangu."

"Kwa hiyo ulijua." Theopista alihesabu kwa vidole. "Miezi minane. Barua zote zile. Ulikuwa unanipenda, au ulikuwa unanisaili?"

"Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira. Nilitaka nikuaibishe darasani, niisome fomu hii mbele ya wote. Nikashindwa. Nilishakuona kabla sijakusoma, Theo."

"Na ukanificha!"

"Nimekuficha, ndiyo. Niliogopa kwamba ukijua ninajua, hutaweza kunitazama tena."

Kweli hakuweza kumtazama. Aliikunja fomu mara mbili, akaitia kwenye mkoba wake.

"Hii ni mali ya ofisi yangu," alisema.

"Theo. Jumapili mshenga aje, au asije?"

"Sijui."

Aliondoka bila kurudi ukumbini kuchukua cheti.

*

Jumamosi asubuhi alipanda lori la kahawa mpaka Muleba, na kutoka hapo akatembea. Njiani alijiambia kwamba anakwenda kumchunguza Apolinary. Akifika aone wanakolala watoto, aone kama kuna suruali ya mwanamume kambani, amkute mjane hajajiandaa. Alijiambia hivyo mpaka alipoliona paa jipya kati ya migomba, na Kokubanza amesimama mlangoni, akimtazama anavyokuja.

Kokubanza alimtambua. Hakukuwa na haja ya kutajana majina.

"Shikamoo, dada," Theopista alisema.

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Shemeji anajua umekuja?"

"Hajui."

Kokubanza alimpangusia kigoda kwa kanga, akaketi mbele yake kwenye mkeka. Alikuwa mzuri kweli. Shangazi hakutia chumvi. Theopista aliona wivu, na wivu ukamwambia kwamba mtu hawezi kuishi karibu na uso huo na asiupende.

"Najua wewe ndiye atakayeposwa kesho," Kokubanza alisema. "Kila Jumamosi kabla paa halijaisha, shemeji alikuwa juu ya bati, mimi chini, ananifundisha intavyuu. Anasema siku moja nitaitwa tena mahali. Ananiuliza kutoka juu, najibu kutoka chini, na nikikosea anacheka mpaka misumari inamdondoka. Katikati ya maswali anakutaja wewe."

Kwa hiyo hicho ndicho walichokuwa wakicheka. Theopista aliinamisha uso.

"Ulipoingia hapa macho yako yalikwenda kambani," Kokubanza aliendelea. "Kuna sketi za watoto na kanga zangu. Umeridhika?"

"Nisamehe."

"Bado. Leo ninayeuliza ni mimi." Alinyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, kama yule mwanamke wa mwezi wa pili. "Nieleze siku moja ulipomwonea mtu."

Halafu akanyamaza. Alikuwa amefundishwa vizuri.

Theopista angeweza kusema jambo dogo, la shuleni, la utani. Alifungua mkoba, akatoa fomu, akaiweka juu ya mkeka kati yao.

"Ilikuwa mwezi wa pili," alisema. "Alikuja mwanamke aliyepiga chapa vizuri kuliko wote. Nilimuuliza kilichomuua mumewe. Haikuwa kwa ajili ya kazi. Nilikuwa nimezika kaka wawili kwa miaka miwili, na kila nikimwona mtu mwenye nguo nyeusi nataka kujua kwake ugonjwa uliingilia mlango gani, ili nikaufunge kwetu. Nilikuwa naogopa, dada. Mwanamke huyo alinyamaza, na mimi sikumsubiri. Nikaandika neno hilo. Mchana nikala chakula, nikasahau. Nimeshinda nikiwatilia watu shaka, na mtu wa kutiliwa shaka nilikuwa mimi."

Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Kokubanza aliisoma fomu yote, kuanzia juu. Theopista alihesabu moja mpaka kumi, akaanza tena, akapotea katikati.

"Datius alikufa kwa Juliana," Kokubanza alisema. "Kishanda nzima inajua. Ungeniuliza hapa, tukiwa wawili, ningekuambia siku hiyo hiyo. Lakini pale palikuwa na wanaume watatu na kalamu zao, na nina watoto wanaokwenda shule." Alipumua. "Na mimi mwenyewe bado sijapima. Ninaogopa kama wewe."

Theopista aliteremka kwenye kigoda, akaketi naye mkekani. Walikaa hivyo, mabega yakigusana.

"Nafasi ya karani itatangazwa tena mwezi wa kwanza," Theopista alisema baadaye. "Siwezi kukuahidi kazi, nitakuwa nimekosea kwa upande wa pili. Ninaweza kukuahidi kwamba mtu wa kwanza na wa mwisho wataulizwa maswali yale yale, na hakuna atakayeuliza nani kafa."

"Hilo linatosha. Una kalamu?"

Alimpa. Kokubanza aliweka fomu juu ya goti, akaandika kitu, akaikunja na kuirudisha mkobani mwa Theopista.

"Kesho nitafuatana na mshenga," alisema akisimama. "Mwambie shangazi yako amalize maswali yake kwangu, ana kwa ana. Nimeona alivyokuwa akiyatazama maharage yangu; nitamletea kibaba."

"Na Apolinary nimwambie nini?"

"Hilo la kwako. Lakini usimweke sana, yule akingoja anagongomelea bati hata pasipovuja."

Theopista alicheka, cheko la kwanza tangu Alhamisi. Alitembea mpaka mwisho wa kibanja, akalipita kaburi la Datius, akasimama na kufanya ishara ya msalaba. Kisha akaifungua fomu. Neno lake lilikuwa pale pale, halikufutwa. Chini yake, kwa mwandiko safi wa mtu wa ofisini, Kokubanza alikuwa ameandika maoni yake:

*Huyu hakuficha. Aolewe.*